Bonareri na Shamba la Mikebe

Elkana alipokufa, mwaka wa tisini na tatu, alikuwa amekonda hivi kwamba waliobeba jeneza walinong'onezana kuwa huenda wanazika mbao tupu. Kijiji chetu, huku ndani ya Rangwe, kilikuwa na maelezo ya kila aina. Wengine walisema ni chira, ile laana inayomkausha mtu aliyevunja mila. Wengine walisema amerogwa na wachuuzi wenzake wa omena, wale dagaa wa ziwani, kule kisiwani Remba, kwa kuwa magunia yake yalikuwa yakijaa upesi kuliko ya watu wazima waliomtangulia. Mhubiri alisema ni mapenzi ya Mungu, na kwa kuwa Mungu hakuwapo matangani kujitetea, jambo likaishia hapo.

Aliyejua ni mjane wake peke yake. Daktari alimwita kando, akafunga mlango, akamtajia jina la ugonjwa. Kisha akamwambia kwamba na yeye anao. Bonareri akamwambia asante. Hakujua mtu husema nini mahali kama pale.

Huyu Bonareri alikuwa Mgusii. Elkana alimkuta soko la Migori akiuza mboga, akanunua sukuma wiki wiki nzima hali yeye anaishi na omena na hana sufuria, mpaka msichana akaelewa. Walizungumza Kiswahili tangu siku ile. Alipoletwa nyumbani kama mke, Kijaluo chake hakikuwahi kusimama vizuri. Kilichechemea, na watoto walikuwa wakikiiga. Mama mkwe wake, Susana, alimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, kama ilivyo desturi kumwita mke kwa alikotoka, na akamwekea Kiswahili cha sokoni kama mtu anavyomwekea mgeni kiti. Bonareri na Elkana hawakujaliwa mtoto aliyeishi. Mtu wake wa karibu pale bomani alikuwa Phelesia, mke wa Levis, mdogo wake Elkana. Waliitana nyieka, yaani mke mwenza, kama wanavyoitana wake wa ndugu, na walikuwa wakisukana nywele na kuwasengenya waume zao kwa haki sawa.

Sasa, kwa Wajaluo mbegu haitoki ghalani ovyo kama mlevi anavyotoka baa. Inatoka kwa foleni. Mama wa boma hupanda kwanza, kisha nyumba ya mwana wa kwanza, kisha wanaofuata. Na mjane ambaye hajarithiwa na ndugu wa marehemu bado ana giza la kifo, hapandi. Elkana alikuwa mwana wa kwanza. Kwa hiyo mvua za Machi ziliposhuka, Susana alipanda kale kakipande kake ka kumtosha yeye na kuku, na foleni ikasimama mlangoni kwa Bonareri. Phelesia, mwenye watoto watatu na jembe lililonolewa, alibaki ameketi akitazama shamba lake likiota magugu.

Dawa ilikuwa moja. Levis amrithi Bonareri.

Levis mwenyewe hakuwa na pingamizi. Alianza kuoga. Alionekana Jumatano, siku isiyo na kanisa wala mazishi, amevaa shati jeupe, amekaa kwenye kiti cha marehemu kaka yake akiuliza kama chai ipo.

"Shemeji," alisema, "mimi sina haraka. Lakini mvua nayo haina subira."

"Chai hakuna, Levis. Majani iliisha."

"Basi maji moto tu."

"Kuni pia imelowa."

Bonareri alimwona Levis akiondoka na shati lake, akamwonea huruma, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamume wa kawaida aliyeahidiwa mke wa pili bila gharama ya ng'ombe. Asichojua ni kwamba kitanda alichokuwa akikikodolea macho kilikuwa kaburi lenye shuka. Bonareri akimkubali, Levis atakufa. Na kabla ya kufa atampelekea Phelesia. Na akitaja sababu, basi yeye Bonareri amekwisha. Siku zile mtu aliyetajwa kuwa na ugonjwa ule hakusalimiwa kwa mkono, na kikombe chake kilitupwa chooni. Akachagua kukataa na kunyamaza, njia mbili zisizopatana, kama alivyokuja kuona.

Alimwendea Mzee Maranga, msemaji wa ukoo, aliyekuwa na kiti cha kukunja alichopewa na mwanasiasa fulani wakati wa kampeni na ambacho sasa hakutoka nje bila kukibeba. Bonareri akamwomba afanyiwe kama walivyofanyiwa wajane wazee: Levis atundike koti lake ndani ya nyumba usiku mmoja, mambo yahesabiwe yamekwisha.

"Koti ni ya akina mama waliochoka," Maranga alisema, akiupima mgongo wa Bonareri kwa macho. "Wewe umechoka wapi?"

Njaa ikaanza kutambaa. Bonareri hakuweza kupanda, na sokoni hakuweza kurudi, maana mjane wa namna yake akiingia soko na giza lake, wachuuzi humwambia bidhaa zao zitaoza. Basi siku moja alikata pilipili hoho aliyoletewa na mamake kutoka Kisii, akazitazama zile mbegu zilizojazana katikati kama waumini mstari wa mbele siku ya chakula cha bure, na akapata wazo.

Alianika mbegu kivulini juu ya gazeti. Alitafuta mkebe wa mafuta ya kupikia, karai lililopasuka, sufuria iliyotoboka, debe la marehemu la kupimia omena. Kila kimoja alikitoboa matundu chini kwa msumari, akaweka vijiwe ili maji yapite, kisha akajaza udongo aliochanganya na samadi ya mbuzi iliyokaa na mchanga wa mtoni. Miche ilipofika kimo cha kidole aliihamisha, mmoja mmoja kwa kila chombo, jua likiwa limelegea. Aliipanga barazani, upande unaopata jua la asubuhi, maana alijua jua la saa nane la Homa Bay huangusha maua ya hoho kabla hayajafunga. Ua la kwanza kabisa alilinyofoa, mche ukagawanyika matawi. Vidukari alivioshea maji ya sabuni. Maganda ya mayai aliyasaga akayachimbia udongoni, ili hoho zisioze matako, na maneno haya ni yake, si yangu.

Susana alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya lile karai.

"Nyar Kisii. Hii ni nini?"

"Ni mboga, mama."

"Umepanda?"

"Sijapanda, mama. Nimeweka tu udongo kwa karai."

"Na hiyo inaota?"

"Inaota yenyewe."

Susana alilizungukia karai kama askari anavyozunguka gari lisilo na makosa. Hakukuwa na mila ya karai. Mababu, kwa bahati mbaya yao, hawakuwa na karai. Udongo haukugusa ardhi ya boma. Ukitaka unaubeba unaupeleka kwa jirani. Alijaribu kuwaza adhabu, akakosa, akaomba apewe moja zikiiva.

Ziliiva. Hoho kubwa, kijani iliyong'aa kama viatu vya mwalimu, nyingine zikaachwa mpaka zikawa nyekundu. Kijiji kilikuja kutazama. Wengi hawakuona maana yake: pilipili isiyowasha, walisema, ni kama mchungaji asiyekusanya sadaka, itakuwa ina kasoro mahali. Lakini Nyakerario, mwenye hoteli pale sokoni Rangwe, alizikatia ndani ya mchuzi wa samaki mbuta, na wateja wakalamba sahani. Akawa anamtuma mtu barazani kuzichukua. Bonareri akala. Phelesia naye akapata unga, kwa mlango wa nyuma, na watoto wake wakawa wanatafuna hoho mbichi kama maembe.

Ungesema mambo yamenyooka. Lakini Phelesia hakutaka unga wa mlango wa nyuma. Alitaka shamba lake. Alikuwa mkulima. Kila asubuhi alipita mbele ya baraza ile akiona miche ya nyieka wake ikizaa, na akilini mwake ikajengeka hoja ambayo mpaka leo sioni pa kuipasua: nyumba ya mwana wa kwanza imetoa mbegu. Imepanda, imevuna, imeuza. Basi foleni imesogea. Mvua ndogo zilipogonga mabati, alichukua jembe, akapanda mahindi kuanzia mpaka hadi mpaka. Hakumuuliza mtu. Levis alimwona, akafikiria ugali, akajifanya hakuona.

Mahindi yalipofika magotini, mtoto wao wa mwisho, Liz, alishikwa na homa. Walimpeleka zahanati, dawa hazikuwapo. Walipofika hospitali alikuwa amelegea. Alifia mgongoni kwa mamake, wakiwa bado kwenye foleni, na Phelesia alijua kwa uzito, kwa jinsi mzigo unavyobadilika.

Maranga alikunjua kiti chake siku iliyofuata mazishi. Kesi haikuchukua muda. Karai ni shamba, akaamua. Debe ni shamba. Mjane mwenye giza alitoa mbegu, mke wa mdogo akafuata mbegu ya giza, na chira ikaingia ikamchukua mtoto. Wamebaki wawili, akasema, na chira haishibi. Njia ni Levis kulala katika nyumba ya kaka yake kabla mwezi haujaisha, ili giza litoke, mahindi yapate kuliwa.

Hapo hakuna aliyeuliza kwa nini homa ilikuwa ikiua pia watoto wa maboma yaliyopanda kwa foleni nzuri kabisa. Swali kama hilo ni la watu waliosoma, na watu waliosoma walikuwa wametoroka kazi ya kufikiri wakaenda Nairobi.

Aliyekuja kumbembeleza Bonareri hakuwa Levis. Alikuwa Phelesia. Alikuja mchana, bado amefunga kanga kiunoni kama mtu wa matangani, akakaa chini barazani katikati ya mikebe.

"Nyieka," alisema. "Mchukue."

"Phelesia."

"Mchukue tu. Mimi sina wivu. Nitakuandalia hata hiyo kitanda. Mbaya yake ni kukoroma, na anakula haraka, lakini utazoea. Mimi nilizoea."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Ati wewe ni nani? Ni msabato sana kuliko sisi? Nimezika Liz." Sauti yake haikupanda. "Nimebaki na wawili. Unataka nizike yote ndio uamini?"

Bonareri alikuwa ameshika mche, akiufunga kwenye kijiti. Aliendelea kuufunga mpaka fundo likakaza. Wakati ule ndipo alipoona kwamba kunyamaza kwake, alikodhani ni ukuta, kumekuwa daraja. Angenyamaza siku moja zaidi, Phelesia mwenyewe angemleta mume wake kwa mkono mpaka kitandani.

"Elkana hakufa na chira," alisema. "Alikufa na ile ugonjwa. Daktari aliniambia. Mimi pia niko nayo. Levis akilala hapa atakuletea, na hao wawili watabaki na nyanya yao."

Kuku aliingia kati yao akadonoa, akatoka. Kisha Phelesia akaitazama mikono yake, na akaitazama ile sufuria aliyokuwa ameiegemea, na polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akajitenga nayo. Alisimama akapangusa kanga. Bonareri aliona yote hayo. Aliona hata jinsi Phelesia alivyojaribu kuifanya ionekane ni vumbi tu anapangusa.

"Asante kwa kuniambia," alisema Phelesia, akaenda.

Usimlaumu sana. Alikwenda akamkataza Levis kumrithi Bonareri, na Levis akataka sababu, na sababu ilipotoka haikurudi ndani. Kufikia jioni shati jeupe lilikuwa limefungiwa sandukuni. Kufikia siku ya soko Nyakerario aliwaambia wateja kwamba hoho zake hutoka Oyugis, zimekuwa zikitoka Oyugis siku zote, na mchuzi ule mwingine hawajui wanauzungumzia upi. Watu waliokuwa wamezila walikwenda nyuma ya nyumba wakajitia vidole kooni, miezi mingi baada ya chakula.

Na Maranga? Maranga, aliyekuwa ameapa kwamba mila haipindiki hata kwa upana wa unywele, aliamka akiwa ameipindisha kama waya. Hakuna mwanamume sasa wa kumrithi yule mwanamke, na mahindi yanasubiri. Basi nyumba ya Elkana ihesabiwe imekufa, akasema. Mume kafa, mke ahesabiwe kafa. Foleni itoke kwa Susana iende moja kwa moja kwa Phelesia. Watu wakaafiki. Bonareri, aliyekuwa amesimama pale penye lango akisikiliza, akarudi ndani kupika.

Aliishi hivyo, akiwa marehemu, zaidi ya miaka mitatu. Hakufukuzwa. Hakuna aliyethubutu kuingia nyumba ile kumtoa, na ndugu zake Kisii walikuwa wamemtumia ujumbe kwamba binti aliyeolewa hana kwao. Alipanda hoho akala hoho. Nyingine zilizeeka kwenye mche zikawa nyekundu, kisha zikakunjamana. Jumamosi alikaa benchi ya nyuma kanisani, na benchi ikawa yake yote. Mhubiri alimtembelea mara moja, akaomba akiwa amesimama uani, kwa sauti kubwa, ili Mungu na Bonareri wote wasikie wakiwa mbali.

Phelesia alimwekea unga juu ya jiwe la mpakani, kila baada ya kusaga. Aliuweka, akaita "Nyieka, iko hapo," akaondoka kabla mlango haujafunguka. Mikono yake haikumgusa tena. Walikuwa wakizungumza wakiwa na hatua kadhaa kati yao, habari za mvua na za watoto, na kuna siku walicheka kuhusu kiti cha Maranga kilichovunjika naye yuko juu. Lakini nywele za Bonareri hazikusukwa na mtu. Mwishowe alizikata mwenyewe, kwa wembe, na hazikukatika sawasawa.

Alikufa mwaka wa tisini na saba, mvua ndefu zikianza. Phelesia aliita kwenye jiwe, unga ukabaki pale, akaita tena.

Na hapo ndipo mila ilipomkumbuka. Miaka yote ile alikuwa amehesabiwa maiti. Alipokuwa maiti kweli, Maranga akagundua kwamba ni mjane. Mjane asiyerithiwa hazikwi hivihivi, akasema. Atarudi kusumbua watoto. Lazima mwanamume alale naye ndani ya nyumba, kwanza, ndipo kaburi lichimbwe. Akatumwa mtu Homa Bay mjini kumtafuta mwanamume wa kazi hiyo, kwani wapo, mtu wa mbali asiye na ukoo pale, anayelipwa kwa mbuzi na pombe afanye kile ambacho wenye ukoo wanaogopa. Alifika saa sita mchana, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu, mpole kabisa, akauliza atanawa wapi.

Phelesia alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa ameijaza fremu, bega hapa na bega pale.

"Mama, nipishe," alisema yule mtu. "Nimeitwa."

"Nani amekuita?"

"Wazee."

"Rudi uwaulize wanioneshe mjane."

Maranga alisogea, sasa kwa fimbo maana kiti hakipo. "Mke wa Levis, toka hapo. Hii si maneno ya wanawake."

"Baba, ulisema huyu alikufa zamani," Phelesia alimjibu. "Nilikuwepo. Ulisema nyumba imekufa, mimi nikapanda. Nimepanda miaka yote hiyo juu ya maneno yako. Kama hakuwa amekufa, basi hata mahindi yenye umekula kwangu ni ya chira. Sasa chagua."

Nusu ya watu waliokuwa pale walikuwa wamekula mahindi yale, na mikono kadhaa ilienda tumboni yenyewe. Susana, aliyekuwa kipofu karibu kabisa wakati huo, alisema kutoka alipoketi kwamba Nyar Kisii achwe alale.

"Miaka hiyo yote angekubali neno moja tu," Phelesia akaendelea, na sasa hakuwa anamwambia Maranga tena. "Mimi ndiye nilimwambia akubali. Nilikaa hapa chini nikamwomba. Angekubali, mngekuwa mmenizika na Levis wangu, na watoto wangu wangekuwa wanalala jikoni kwa watu. Hamtamwekea mtu leo."

Levis alikuwa nyuma ya umati. Alitazama viatu vyake. Kisha akaenda kuleta jembe, akaanza kuchimba upande wa kushoto wa nyumba, kando ya kaka yake, na wengine wawili watatu wakamfuata kwa kuwa ni rahisi kuchimba kuliko kusimama pale. Yule mtu wa Homa Bay aliuliza kama mbuzi bado ni wake. Alisubiri kidogo, akavua kofia, akashika koleo.

Phelesia aliingia ndani na beseni la maji ya moto na kipande cha sabuni. Wanawake wa kanisa walibaki nje wakiimba, wamejifunga mifuko ya plastiki mikononi tayari kwa kazi ambayo hawakuitaka. Aliufunga mlango. Alimkunjua nyieka wake kutoka kwenye blanketi, akaanza na uso. Alikuwa mwepesi, alisema baadaye, hakuhitaji mtu wa kumsaidia kumgeuza. Alimwosha shingo na kwapa na mgongo. Alizilainisha zile nywele zilizokatwa vibaya, akatafuta mahali pa kushika ili asuke, na hazikushikika. Mwisho alichukua mikono, kidole kwa kidole, akasugua. Udongo ulikuwa umeingia chini ya kucha mpaka ndani kabisa, na maji yalikuwa yamepoa. Alijaribu kwa kijiti, akajaribu kwa ukucha wake mwenyewe. Kisha akaikausha ile mikono jinsi ilivyo, akaiweka kifuani, akaishikilia, mpaka walipogonga mlango kusema kaburi liko tayari.